Hela ya Tabora niliyoiteka msibani, hadi leo haijakombolewa

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine habari za leo.

Hili sikusimuliwa, limenikuta mwenyewe. Nilipojiaibisha nitapaacha kama palivyo.

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilitoka chuo kikuu nikapangiwa kazi Tabora. Mimi Mzaramo. Nikapanga chumba mtaa wa Ng'ambo, sina ndugu wala rafiki, nina kamera na kopo la sarafu za kale. Jioni nazipanga dirishani juu ya kitambaa cheusi, napiga picha, halafu sina wa kumwonyesha.

Nikawa napita mtaani kuuliza nani ana hela za zamani. Wakanijibu hata za sasa hawana. Msomi mzima nilisahau kwamba hela kwa watu ni pesa yoyote, ingawa neno lenyewe lilianza kama jina la sarafu ya Mjerumani.

Aliyenielewa ni jirani yangu Mzee Kapela, fundi cherehani, Mnyamwezi. Alikuwa nayo moja ya shaba yenye herufi T, yaani Tabora, iliyotengenezwa mjini hapo hapo Mjerumani alipobanwa na vita. Ameifunga kwa uzi kwenye cherehani yake. Kupiga picha ruksa, kuuza hapana.

"Babu zangu wakishuka pwani na pembe, babu zako wanawatoza hongo njiani. Leo umeifuata hongo mpaka Unyamwezi? Nenda zako, mla nazi wewe."

Asiyejua atadhani ugomvi. Ni utani wa Wanyamwezi na Wazaramo, wa tangu enzi za misafara, hongo ilipokuwa ushuru wa njia. Kila jioni nilikwenda barazani kwake kutukanwa, na nje ya kazi hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu ya siku.

Kisha akafariki ghafla.

Nilikwenda msibani nimechomekea, nikakaa kimya kama mgeni rasmi. Jeneza linataka kutoka, mjane wake, Bi Tatu, akasema kutoka ndani: "Mzaramo wetu yuko wapi? Mume wangu atoke hivi hivi kama hana watani?"

Watu wakanigeukia. Nikainuka, nikaiendea cherehani yake, nikakata ule uzi, nikaishika hela mkononi na kusimama mbele ya jeneza.

"Hapiti mtu. Hongo kwanza."

Wakacheka huku wanalia. Desturi ni kwamba alichoteka mtani hukombolewa, hata kwa kuku. Bi Tatu akasema nikae nayo, watakuja kuikomboa.

Nikasubiri. Niliitamani ile sarafu kuliko zote, lakini nilichotamani zaidi ni mtu kunigongea mlango. Hawakuja. Bi Tatu akahamia Choma, kwa binti yake, kwenye kijiji kipya.

Nilipopata uhamisho wa kurudi Dar, nikaipeleka Choma mwenyewe. Baada ya shikamoo na marahaba nikaiweka mbele yake, nikamwambia aikomboe, au basi aichukue bure.

Akaisukuma kwangu.

"Nikiikomboa leo, mtani, utarudi huku kufuata nini?"

Nikarudi, kila nilipopata nafasi. Alinitukana vizuri, tukala ugali, nikaondoka na hela yangu.

Mara ya mwisho nilikuta ameshazikwa. Habari haikunifikia. Wajukuu walinipokea kwa heshima kubwa, wakanipa kiti na soda. Nikawaambia mimi ni Mzaramo, nimekuja na mateka yangu. Wakatabasamu kwa adabu, wakanishukuru kwa kuja.

Hakuna aliyenitukana.

Picha za ile hela ninazo nyingi, mbele na nyuma, mpaka za simu. Zimetoka safi kabisa, na hakuna hata moja inayoonyesha ni ya nani.

Funzo langu, wakuu: wakusanyaji wenzangu, mkipewa kitu cha kale, ulizeni kwanza kama mmepewa au mmeshikishwa tu.

Nanyi semeni ya kwenu. Na kama humu ndani yumo Mnyamwezi, tafadhali asinipe pole. Anitukane.