Ubao Uliokwama Katwe

Mwezi uliopita, nikitoka mazishini Bwera, mpakani mwa Kongo, nilipitia Katwe, kijiji cha utoto wangu kando ya ziwa, Kongo ikiwa ng'ambo. Pale ufukweni wavuvi walikuwa wamezamisha mtumbwi wa mbao kwenye maji ya magotini, wameujaza mawe, ili mbao zivimbe na nyufa zizibe. Wanangu waliona mtumbwi tu. Mimi niliona mashua ya baba.

Ilikuwa miaka ya sabini, mwanzoni. Baba yangu, mtu aliyetoka Kenya, alikuwa ameacha useremala wa mgodini, akatuhamishia Katwe kutengeneza milango na vitanda. Mzungu mmoja wa mgodini, alipofunga virago, alimwachia mashua ndogo ya tanga, kuukuu. Katikati yake palikuwa na kisanduku chembamba, na ndani yake ubao mpana wa kushushwa majini kwa kamba. Bila ubao ule, baba alituambia, mashua haiwezi kwenda mbele upepo ukitoka mbele. Inasukumwa kando kama mlevi.

Ubao huo ulikwama mara kwa mara, na baba alikuwa na utaratibu wake wa kutafuta kilichoukwamisha. "Kwanza changarawe, kisha kamba, kisha msumari," alisema akimega bundu, ugali wetu wa muhogo, vidole vikinuka samaki ngege wa kukaanga. Mama alilalamika kwamba ana mke mwenza mwenye sanduku tumboni.

Kiangazi kile mbao za mashua zilikauka, ikaanza kuvuja. Jirani yetu mvuvi, aliyetoka upande wa Kongo, alimcheka baba. "Fundi, mashua iko kama mutu. Bila maji inakufa. Zamisha!" Ndivyo walivyofanya wote pale, na mitumbwi yao haikuvuja. Baba akatia mawe, akaizamisha, ubao ukiwa ndani ya kisanduku chake.

Jirani wa upande wa pili alikuwa polisi, mtu wa kaskazini, wa kabila ambalo wanajeshi walikuwa wakilisaka tangu mapinduzi. Tulimwita Afande. Jumapili moja asubuhi, kengele ya kanisa ikilia, alikuja bila kofia.

"Fundi, wenzangu wawili wamechukuliwa jana. Leo ni mimi. Nivushe Kongo."

"Pitia barabara ya Bwera, Afande."

"Bwera iko wanajeshi kila kona."

Mitumbwi ya wavuvi ilikuwa imezuiwa na wanajeshi isiende mbali na ufuko. Mashua yetu tu haikuulizwa. Wanajeshi waliiona mchezo wa Wazungu. Mke wa Afande alisimama kwetu mlangoni na mtoto mgongoni, baba akawaona, akatuita ufukweni.

Tukatoa mawe, tukachota maji kwa makopo. Haikuvuja hata tone. Baba akafungua kamba ya ubao. Haukushuka. Akaingiza waya, akatafuta changarawe. Hapakuwa na changarawe. Kamba nzima. Msumari wa kuushikilia ubao, mzima. Akagonga kwa nyundo, kisha akaacha, akaweka kiganja juu ya kisanduku. Ubao nao ulikuwa umevimba. Seremala mzima, alikuwa amefikiria nyufa tu.

"Unahitaji jua la siku nyingi," alisema.

"Mimi sina hata mchana huu," Afande akajibu, akapanda.

Wakaenda, baba na tanga, Afande na kafi yetu moja. Upepo ulitoka ziwani. Nikiwa na mama ufukweni niliona pua ya mashua ikielekea Kongo, na mashua nzima ikirudi kando, polepole, mpaka kwenye mchanga ambapo wanajeshi walikuwa wakinunua samaki.

"Shuka! Haraka!"

Afande alishuka kwanza, mikono juu. "Huyu fundi hana makosa," alisema kwa sauti tuliyoisikia sote. "Nilimlazimisha kwa bastola. Nimeitupa majini." Hakuwa na bastola. Walimpakia garini. Baba walimpiga, wakamwacha mchangani.

Mke wa Afande aliondoka na mtoto, wakasema alionekana Bwera akiuza chumvi. Sikumwona tena.

Mashua ilibaki juani. Siku moja, nikiparua magamba ya samaki kando yake, nilisikia ubao ukianguka wenyewe ndani ya kisanduku. Baba alikuja. Akavuta kamba, akauinua, akaushusha. Akauinua, akaushusha tena. Ulikwenda laini kabisa. Kisha akafunga kamba vizuri, kwa fundo lake lile lile, akaingia ndani.

Kuni za jikoni mwaka ule zilitoka kwenye mashua hiyo. Sasa baba hayupo, nyumba yetu haipo, na ya Afande imeota majani. Utaratibu wa baba bado ninao kichwani, changarawe, kamba, msumari. Sikuwahi kumsikia akiongeza la nne.