Wanawake wa Handaki

Mwalimu wetu wa sanaa alikuja Nyeri miaka michache baada ya uhuru, akitokea chuo kikuu cha Kampala. Jambo la kwanza alilofanya ni kubandua ukutani picha tuliyokuwa tukiinakili muhula baada ya muhula: nyumba ya mawe ya Uingereza yenye maua ya waridi mlangoni. Nilisikitika, kwa sababu darasani hakuna msichana aliyechora waridi lile kunishinda.

"Sasa tuchore nini, mwalimu?" nikamwuliza.

"Chora kitu ulichokiona kwa macho yako kabla hujaja shule hii."

Nilichokiona ni migongo. Wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni tulihamishiwa kijiji kilichozungushiwa ua, na mama zetu wakalazimishwa kuchimba handaki kukizunguka, ili wapiganaji wa msituni wasipate chakula. Mimi nilikaa na watoto wenzangu juu ya udongo uliotupwa, nikimtazama mama. Nyumbani hatukuzungumzia mambo hayo. Redioni, baada ya uhuru, tuliambiwa tusahau yaliyopita.

Mwalimu alinionyesha namna ya kuponda udongo mwekundu na kuukoroga na kiini cha yai. Nilichora wanawake kwa safu, migongo mikubwa kama vilima, mikono mipana kama majembe. Nyuso sikuzichora. Mwalimu aliitazama picha kwa muda mrefu, akasema tu niongeze weusi chini.

Sikukuu ya uhuru ilipofika, kazi zetu zilitundikwa katika ukumbi wa mji. Mwenyekiti wa kamati ya sherehe, mfanyabiashara aliyeheshimika sana, alipita akizisifu picha za milima na bendera. Mbele ya picha yangu akasimama.

"Hii itolewe," akasema. "Leo ni siku ya kufurahi. Na mbona watu hawana nyuso? Ati hii ndiyo sanaa ya kisasa?"

Mwalimu akaanza kumweleza habari za taifa jipya na macho mapya. Alisema vizuri, lakini maneno yalikuwa mengi, na mwenyekiti alikuwa tayari amemwita mtu aje na ngazi.

Mama yangu alikuwa nyuma yao, amejifunga kichwani kitambaa chake cha kanisani. Sikuwa nimemwambia nilichochora. Akasogea mpaka mbele.

"Mzee, nyuso tulikuwa nazo," akasema taratibu. "Tulikuwa tumeinama."

Mwenyekiti akamgeukia. "Mama, wewe ulikuwa hapo?"

"Mimi ni huyu wa pili."

Mwenyekiti akavua kofia. Akasema kwa sauti ya chini kwamba mama yake naye alichimba, upande wa Kiriaini. Mtu wa ngazi alipofika, aliambiwa arudi nayo.

Wanawake wengine wakakaribia. Mmoja alisema yeye ni yule wa mwisho, aliyeshika kiuno. Mwingine akachagua mgongo wake, akacheka, kisha akafuta machozi kwa ncha ya shuka. Mimi nilisimama kando nikiwasikiliza wakisimulia mambo ambayo sikuwahi kuyasikia.

Namshukuru mwalimu yule hadi leo, na mama namshukuru zaidi. Baada ya siku ile alianza kunisimulia, kidogo kidogo, tukichambua maharagwe. Ndipo nikajua kwamba dada yake mdogo alianguka handakini akafa, na kwamba hakuwahi kupigwa picha hata moja.

"Unaweza kumchora?" aliniuliza siku moja. "Yeye mtilie uso."

Alikaa kando yangu akinielekeza: paji la uso pana, pengo kwenye meno, jicho moja dogo kuliko lingine. Nilifuta na kurudia mpaka aliposema, "Hapo. Ni yeye."

Sebuleni petu, kama katika nyumba nyingi wakati ule, kulikuwa na picha ya Rais ndani ya fremu. Mama alipigilia msumari kando yake, akamtundika dada yake hapo, kimo kilekile.