Dole Gumba la Mzee Timazi

Walimwita Binti Timazi, kwa kuwa marehemu baba yake, Mzee Timazi, alikuwa fundi ambaye ukuta wake, kama uzi wa timazi, haukupinda hata kidogo. Naye alirithi kazi ya kukarabati majumba ya kale ya mawe kwa chokaa.

Safari hii alipewa ukuta uliokuwa ukitoka jasho, mawe yakimeguka kama mkate mkavu. Alipobandua lipu akakuta saruji. Saruji, kwenye jumba la mawe! Kisha akaona alama ya dole gumba pale konani. Baba yake hakuwahi kumaliza ukuta bila kuubonyeza hivyo.

Mama yake, aliyemletea chai, alimkuta ameduwaa, tindo mkononi.

“Ni kazi ya baba, mama. Saruji imeziba, unyevu hauna pa kutokea. Mawe yanaoza.”

Mama akatia kidole chake kwenye alama ile. Kikapwaya.

“Tajiri mwenye jumba hili alimwambia baba yako chokaa ni ushamba, atumie saruji,” akasema. “Siku hiyo alirudi nyumbani, hakula. Bomoa, mwanangu.”

“Nianzie wapi?”

“Anzia hapa hapa kwenye dole, nisije nikakuomba uache.”