Mfungo wa Siku Thelathini na Saba

Siku niliyoanguka kisimani naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu, na leo nitakusimulia kwa sababu nimesikia unalokusudia. Wameniambia umeacha kwenda kanisani. Umesema hutarudi mpaka ujirekebishe kwanza, uzimalize hasira zako, uombe kila alfajiri mwezi mzima bila kukosa, ndipo utaona unastahili kukaa na wenzako. Kaa hapo. Usiniletee chai, nimeshakunywa. Nisikilize.

Nilizaliwa mtumwa katika nyumba moja ya mawe, Mkomani, mtaa wa mji wa Amu. Silisemi hilo kwa aibu. Aibu wawe nayo waliomnunua mama yangu. Jikoni tulikuwa wawili, mimi na msichana mwenzangu aliyeitwa Faida, ingawa faida yake hakuna aliyewahi kuiona. Mimi nilitwanga, nikakuna nazi, nikafua, nikapanda na kushuka ngazi na mitungi ya maji. Faida alilala. Ukimtuma asubuhi, alirudi adhuhuri na hadithi. Bibi yetu, mwenye nyumba, alinisifu mbele ya wageni, na sifa ile ndiyo iliyonishibisha. Nilijiambia kwamba siku moja ataniacha huru kwa kazi yangu njema.

Kisha Serikali ikaukomesha utumwa pwani yote. Habari ilitufikia nikiwa napara samaki, na Faida amelala juu ya gunia la makumbi ya nazi. Tukaambiwa sote wawili, kwa neno moja, kwamba tu huru. Unadhani nilifurahi? Nililia kwa hasira! Miaka yote ile nimevunjika mgongo, halafu Faida anaamshwa usingizini na kuambiwa neno lile lile. Wiki nzima sikusema naye.

Likumbuke hilo, nitalirudia.

Nikaenda kuishi kwa Bi Salome, mjane wa Kipokomo kutoka Mto Tana, aliyekuwa akifua nguo za nyumba ya misheni. Wakristo tulikuwa wachache sana Amu siku hizo. Sinia moja ingetutosha sote. Kwake ndiko nilikosikia habari za Yesu, nikaamini, nikaanza mafundisho ya ubatizo. Lakini mji ni wa Waislamu, na kisimani wanawake hawakuniacha.

"Dini yenu nyepesi," walinitania. "Hamfungi, hamtaabiki. Mngu wenu mwamfanyiani?"

Kiburi kikanipanda. Ramadhani ilikuwa inakaribia. Nikasema, wao watafunga siku thelathini, basi mimi nitafunga arobaini. Tena nitaanza siku kumi kabla yao, ili wakianza wanikute niko mbele. Mchana kutwa nisile wala kunywa, na jua likizama nile kipande cha muhogo, basi. Hakuna tende, hakuna kaimati, hakuna uji. Siku ya arobaini ingeangukia Jumapili ya ubatizo wangu, nami nilitaka kufika mbele ya Mungu mikono imejaa. Nikaweka nadhiri hiyo mbele ya mchungaji wetu, naye akanisifu wenzangu wote wakisikia. Akh! Sifa ya jikoni ikanirudia, tamu vile vile.

Bi Salome alinitazama tu, akasema, "Tausi, unamtwangia nani tena?" Nikanuna.

Alhamisi ya siku ya thelathini na saba, jua la adhuhuri likiwa kichwani, nilikuwa nateka maji nikaona kisima kinazunguka. Mtungi ukavunjika na mimi nikaanguka pale ukingoni. Nilipofumbua macho kichwa changu kilikuwa mapajani mwa mtu, na mtu huyo alikuwa Faida. Yeye mwenyewe amefunga, midomo imemkauka, naye ananimiminia maji kinywani kwa kifuu cha nazi.

"Nwa mai," akasema.

Niligeuza uso. Nikamwambia zimebaki siku tatu.

"Nwa mai, Tausi, utakufa! Hata sisi, alo mgonjwa hafungi. Mngu hana haja na maiti yako. Wewe washindana na nani?"

Nikanywa, na huku nakunywa nalia, maana nilijua nadhiri imekwisha, na aliyeimaliza ni yule yule mvivu niliyemchukia siku alipoachwa huru.

Siku ile ile mchungaji akaja nyumbani kwa Bi Salome. Hakuwa mtu mbaya, ila alipenda mambo yaliyonyooka. Akasema nadhiri ni nadhiri, nami nimeivunja mbele ya mji mzima. Jumapili nisibatizwe, ningoje mwaka mwingine, nioneshe kwamba nastahili. Nami pale mkekani nikaitikia, "Ndiyo, Bwana." Niliona ni haki kabisa. Mtumwa akivunja chombo hajibizani na mtu.

Aliyejibu ni Bi Salome. Alikuwa mwanamke mfupi, mikono imechubuka kwa sabuni. Alisimama mlangoni, mchungaji akawa hana pa kutokea.

"Bwana, mimi ulinibatiza nikiwa na nini?"

Mchungaji akamwambia apishe.

"Sipishi. Nilikuja kwako mlevi wa tembo, nimefukuzwa na ndugu zangu. Ukaniambia Yesu ananipokea hivyo hivyo. Kama huyu atangoja mwaka mzima ili astahili, basi na mimi nitoe kanisani. Nitoe leo, maana mpaka leo sijastahili."

Kisha akanigeukia. Usidhani alinihurumia.

"Na wewe! Siku ulipoachwa huru, uliachwa kwa sababu ulitwanga vizuri?"

"La, Bibi."

"Na Faida, aliachwa nusu?"

"La."

"Uhuru wako na wake, upi mkubwa?"

Ulikuwa mchungu mdomoni, ukweli ule. Hatimaye nikasema, "Ni mmoja."

"Basi. Serikali ya watu imeweza kumpa uhuru aliyelala, Mungu ndiye ashindwe?"

Mchungaji akasema ataniuliza mwenyewe Jumapili, mbele ya watu, na kwa jibu langu ndipo ataamua kunibatiza au kunirudisha.

Jumapili nilibebwa juu ya kiti, miguu ilikuwa imenikataa. Majibu ya ubatizo nilikuwa nimeyakariri miezi mingi, marefu na mazuri. Mchungaji akauliza, "Tausi, unakuja kwa Mungu ukimtegemea nani?" Yote yakanitoka. Wenzangu wananikodolea macho. Dirishani, nje, Faida kasimama na kapu lake, amechelewa kama kawaida huko alikotumwa.

"Simtegemei Tausi," nikasema. "Tausi nimemwona akianguka. Namtegemea Yesu, na kama hanitaki hivi nilivyo, sina Tausi mwingine wa kumletea."

Mchungaji akapangusa macho, akanibatiza nikiwa nimekaa. Bi Salome akapiga vigelegele, jambo lililokuwa limekatazwa mle ndani.

Sasa wewe, mwanangu, unataka kunirudisha kisimani. Nakataa! Nimezeeka, meno yamekwisha, na bado nakataa. Hizo alfajiri zako thelathini ni siku zangu arobaini, umezibadilisha jina tu. Ukizitimiza utajiona, na ukizikosa utajificha. Kwa vyovyote utakuwa unajitazama mwenyewe, na Yesu umempa mgongo.

Wala sisemi ukae bure. Mimi nimefanya kazi maisha yangu yote. Nimefua, nimeuguza wagonjwa, Faida nimemlisha kwa mkono wangu alipopooza, na ni mimi niliyemfumba macho. Lakini nilifanya kama mtu aliyekwisha kuachwa huru, si kama anayeomba kuachwa. Hizo ni kazi mbili tofauti, hata kama mtungi ni ule ule.

Basi Jumapili hii uende, na hasira zako uende nazo. Usingoje kupona ndipo umwendee mganga wako. Mzee yeyote akikuzuia mlangoni, akuulize umejirekebisha kiasi gani, mwambie umetumwa na Bibi Tausi, na kama ana neno aje kwangu. Kusimama mlangoni nami nilifundishwa.

Inama nikuwekee mkono. Mungu aliyeniinua nilipokuwa sina hata mtungi, akuinue nawe. Akulishe kabla hujatwanga. Na akukute hata umelala, akuamshe kama Faida, akwambie u huru.