Ngazi za Mariamu

Juzi hapa Kasongo niliwasikia vijana wawili wakibishana juu ya jambo walilolisoma kwenye simu: eti Kurani iliazima hadithi kwa Wakristo wa zamani. Nikakumbuka harufu ya mawese.

Nilikuwa mtoto, nimekaa uani kwa Mama Zaina, jirani yetu Mwislamu, akichemsha ngazi, yale matunda ya mchikichi. Alinisimulia jinsi Mariamu, akiwa peke yake na uchungu wa kuzaa, alivyotikisa mtende na matunda yakamwangukia. Mtende sikuujua. Niliona michikichi yetu, na ngazi mbichi zikimgonga kichwani. Nani alimchemshia?

Nikapandwa na hasira. "Maria iko wa kanisa yetu! Mulimwiba!"

Alipuliza moto kwanza. "Sasa kule kwenu, alipomaliza kuzaa, walimupatia nini akule?"

Nilitafuta katekisimu yote kichwani. Nyota ilikuwemo, na dhahabu. Chakula hakikuwemo.

Leo najua Wakristo wa kale nao walisimulia mtende uliomwinamia Maria. Nani alichukua kwa nani, wasomi wabishane. Mimi alasiri ile nilitumwa nyumbani na sahani ya ngazi za moto, kwa mama yangu aliyekuwa amejifungua juzi yake. Mama alikula zote, nikimtazama, na sikuuliza tena Maria ni wa nani.