Mbabula ya Mama Ngalula Niliyojifanya Sikuiona

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwongo. Sikudanganya kwa mdomo, maana hapo ningeumbuka mapema. Nilidanganya kwa rula na kalamu ya bluu, safu kwa safu, kwa mwandiko mzuri ambao mpaka leo naona haya kuutazama.

Hapa Likasi nilikuwa mtu, msinione hivi! Profesa mmoja alinichukua nimsaidie utafiti: nyumba zetu zinapikia nini, na zitaachaje makala, yaani makaa ya kupikia, ili zihamie kwenye nishati safi. Nilipewa daftari, fulana yenye picha ya jua, na mitaa mitatu ya kuzungukia, mmoja ukiwa mtaa wetu wenyewe, upande wa Kakontwe. Mtaa ambao ungeonekana unachoma makala kuliko yote ndio ungepewa majiko mapya yasiyo na moshi mwingi, pamoja na paneli za jua. Kazi yangu ilikuwa kuangalia na kuandika, basi.

Mimi nikaanza kwa kuhubiri. Padri alinipa dakika tano baada ya misa niwaeleze watu siku nitakazopita. Nikachukua ishirini. Nikasema makala ni aibu, nikasema mwanamke wa leo hapikii mbabula, yaani jiko letu la makala, na kwamba nyumba yenye moshi inairudisha nchi nyuma. Mama yangu mzazi alikuwa amekaa benchi la tatu ananisikiliza. Asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimekunywa chai yake, iliyochemshwa juu ya mbabula. Jamani, hata aibu sikuwa nayo!

Sasa mjue desturi ya kwetu. Mgeni wa heshima haonyeshwi mbabula. Akija padri au mkwe, mbabula inapelekwa nyuma na resho, lile jiko dogo la umeme, inawekwa mezani, hata kama haijawaka tangu inunuliwe. Nimekua nikiibeba mimi mwenyewe hiyo mbabula kuificha nyuma ya choo. Kwa hiyo nilipopita na fulana yangu ya jua, nilikuta resho kila nyumba ya mtaa wetu. Nyumba moja walikuwa wameitandikia kitambaa cha kufuma kwa mkono. Nani anapikia juu ya kitambaa cha kufuma? Nikaandika: umeme.

Ikafika zamu ya Mama Ngalula. Hilo si jina lake. Ni mama yangu wa ubatizo, mjane, na kifua chake ni kibovu. Muuguzi alikwisha kumwambia aepuke moshi, na hakuna mtu mtaani aliyeyataka majiko yale kama yeye. Nililijua hilo kabla sijabisha hodi.

Siku hiyo umeme ulikuwa umekatika tangu juzi. Resho ilikuwa mezani inang'aa, waya wake umezungushwa vizuri na kufungwa kwa uzi. Maharagwe aliyonipakulia yalikuwa yanaunguza ulimi. Na chini ya mlango wa chumba cha kulala moshi ulikuwa unatoka polepole, unakuja kwenye miguu yangu.

Akaniambia anakwenda kuchukua chumvi. Akaingia chumbani, akakohoa huko muda mrefu, akarudi macho yamejaa machozi na mikono mitupu. Nikamuuliza anapikia nini. Akaitazama resho, akasema si ile pale. Mtafiti mzima nikafuta mchuzi mdomoni, nikaandika: umeme.

Mtaniuliza kwa nini. Profesa alikuwa amenipigia simu kusifu majibu ya wiki ya kwanza. Alisema ni ajabu mtaa wa watu wa kawaida kuwa tayari umeachana na makala, na kwamba nitayasoma mimi mwenyewe mbele ya watu Lubumbashi. Hapo kichwa kikavimba, nikaenda kushonesha suti.

Lubumbashi nilisoma kwa madaha. Mama mmoja aliyekaa nyuma akauliza nyumba hizo zinapikaje umeme unapokatika. Nilimjibu kwa Kifaransa kigumu kweli, na nilipokaa mimi mwenyewe sikujua nimesema nini. Watu wakapiga makofi. Na mimi nikainama kushukuru!

Baada ya wiki chache uamuzi ukatoka. Mtaa wetu ulifutwa, kwa sababu hauna shida. Majiko na paneli vilikwenda mtaa mwingine, na siwaonei wivu wa huko. Wao hawakunificha kitu.

Mama Ngalula hakuwa na habari. Nilimkuta amefagia kona ya baraza na kupanga matofali mawili ya kukalishia jiko jipya. Akaniuliza linafika lini. Nikakaa chini, nikamwambia kwamba halifiki, na kwamba ni kwa sababu ya nilichoandika mimi.

"Shi ulisema mu kanisa makala njo aibu," akasema. "Nilificha yulu kazi yako itoke muzuri."

Kumbe alificha kwa ajili ya kazi yangu! Nikamwambia kwamba siku ile niliuona moshi.

"Uliona?"

"Niliona, mama."

Akakohoa, akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Minye nilificha mbabula, mutoto wangu. Weye ulinificha minye."

Niliumia, na naumia mpaka leo.

Nilimwandikia profesa ukweli wote. Aliniondoa kazini, na ana haki. Fulana ya jua niliirudisha imefuliwa na kunyooshwa vizuri, kwa pasi ya makala. Kijana mwingine atarudia kupima mtaa wetu, lakini majiko yalikwisha gawiwa, na hakuna anayejua kama mengine yatakuja. Nikitoka misa watu wananiita Bwana Umeme. Naitika, nifanyeje?

Mbabula ya Mama Ngalula sasa imekaa juu ya yale matofali mawili, barazani, mbele ya kila mgeni. Kila asubuhi napita kuiwasha mimi, ili moshi wa kwanza, ule mkali, uingie kwenye kifua changu badala ya chake. Suti niliivaa siku moja tu.

Ninyi mnaozunguka na madaftari kwenye nyumba za watu, nawaomba msihubiri kabla hamjauliza. Mkionyeshwa resho, shukuruni kwa heshima hiyo, kisha nendeni nyuma ya nyumba mkaangalie majivu yanamwagwa wapi. Na ukisikia mtu anakohoa chumbani, ndugu yangu, weka chini kijiko chako uandike.