Maji ya Chupa

Nilirudi kutoka semina ya siku tatu nikiwa mkali kuhusu plastiki kuliko padri kuhusu dhambi. Chupa zilikuwa zikielea ziwani na kuziba bwawa la umeme, nami nikaapa kwamba hakuna hata moja itakayofika huko kutoka nyumbani kwangu. Nikaweka gunia nyuma ya mlango wa jikoni, na kila mwisho wa mwezi alipita mtu wa kuzichukua.

Sharti langu lilikuwa moja: kila chupa ioshwe mara mbili kwa maji safi kabla ya kuingia guniani. Mama, aliyekuja kukaa nami kutoka Nyantende baada ya baba kufariki, alinisikiliza kwa adabu, akauliza tu kama mwenye kuzichukua ndiye aliyeomba hivyo. Nilimjibu kwamba usafi haungoji kuombwa. Nayapenda sana majibu yangu ya namna hiyo, na ndiyo huniponza.

Robine yetu, bomba la nyumbani, hutoa maji siku inayopenda. Juma moja haikutoa hata tone, nikawa nateremka alfajiri kwenye chemchemi na kupanda mlima na bidoni ya maji. Jumamosi niliosha nusu ya chupa za juma zima, uchovu ukanishinda, nikalala.

Jumapili nilioga upesi, nikaenda misa ya kwanza. Niliporudi nilimkuta mama ameketi jikoni na nguo za kazi, kikwembe chake cha misa kimekunjwa kitini. Mama hakosi misa, kwa hiyo nilidhani anaumwa. Akasema haumwi, ila hawezi kwenda kanisani bila kuoga. Kando yake palikuwa na bidoni iliyojaa.

“Na hii maji, mama?”

“Iko ya chupa zako. Nilikuona unachoka, nikasema nisiiguse.”

Hakusema kwa kunichoma, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Niliona aibu hata nikashindwa kumtazama. Niliwasha makaa kwenye mbabula, nikayapasha yale maji, nikamsihi aoge awahi misa ya pili.

Alioga ndani ya beseni kubwa. Alipokwisha kuvaa, niliinama niyamwage yale maji, akanishika mkono.

“Usimwange. Leta chupa.”

Tuliziosha pamoja, mara moja tu, katika maji yenye povu la sabuni yake. Misani alichelewa kidogo. Chupa zilikauka vizuri kama zile nilizoziosha mara mbili.